Kumi na Tisa Iliyoinama

Jumatatu, 6 Juni 1977

Baridi. Tangi la kupimia lilikuwa na ganda la barafu asubuhi, nimelivunja kwa nyundo. Mitungi 212 ya gesi imepita mkononi mwangu. Tisa nimeirudisha — mshono unavuja. Nimegonga chapa yangu, 31, mara 203, na mkono unauma hadi kwapani.

Kapteni Arregui ametusomea waraka. Ifikapo tarehe 9 Julai, sikukuu ya uhuru, mitungi elfu ishirini ya gesi iwe imetoka hapa Loma del Horno kwenda majikoni mwa mkoa mzima. Jenerali atakuja kukabidhi wa mwisho kwa mkono wake. Taifa linalopika kwa kuni, amesema, ni taifa linaloangalia chini. Ponciano, fundi wetu wa kuchomelea, akaninong'oneza kwamba yeye huangalia chini kwa sababu huko ndiko viatu vyake vilikotoboka. Sikucheka. Siku hizi kabla ya kucheka natazama kwanza nani yupo.

Kapteni hakusahau kutukumbusha: jeshi lilipofika hapa palikuwa na kisima na mbuzi. Ni kweli. Shule ni ya Kiwanda, hospitali ya Kiwanda, mkate unatoka tanuri la Kiwanda. Hata kengele ya kanisa imeyeyushwa kutoka maganda ya makombora. Ikilia, Mama husema inaita kwa sauti ya chini kuliko kengele za watu wengine.

Mzigo umetuzidi Banda la Nne. Kuanzia kesho nusu ya mitungi haitapimwa kwetu. Itasukumwa kwa behewa dogo hadi Banda la Sita, ipimwe huko, igongwe chapa, ipakwe rangi, irudi uwanja wa kupakilia. Nimeuliza ni nani mkaguzi wa huko. Kapteni akasema yupo mtu.

Banda la Sita lilikuwa la risasi. Limefungwa kwa raia tangu Novemba.

Jumanne, 7 Juni

Mitungi ya kwanza ya Banda la Sita imerudi saa tisa alasiri. Themanini. Rangi ya kijivu bado inanata. Kazi yangu uwanjani ni kuhesabu na kuangalia vali, basi. Nikainama kuangalia chapa shingoni.

19.

Nimeiandika hapa, nimeitazama, nimeiandika tena. 19.

Jumatano, 8 Juni

Niandike kwa utaratibu, nisije nikajidanganya.

Kila mkaguzi ana chapa yake ya chuma na namba yake, na hakuna namba mbili zinazofanana. 19 ilikuwa ya kaka yangu Anselmo. Novemba aliitwa ofisini kusaini karatasi. Walikuwa wamepunguza muda wa kupima mtungi kutoka dakika mbili hadi sekunde ishirini, naye alikuwa amekataa mara mbili. Aliingia ofisini saa nne. Hakutoka. Tuliambiwa ameacha kazi kwa hiari, amekwenda Brazili. Koti lake liko hapa msumarini.

Ijumaa ya wiki ile chapa yake ilivunjwa, kama desturi ilivyo mkaguzi anapostaafu au anapokufa. Wote tumejipanga. Chapa inawekwa chini ya mtambo mkubwa, mtambo unashuka mara moja, kinabaki kipande bapa kama biskuti. Kipande hupewa familia. Cha Baba tunacho, na cha Anselmo Mama amekifunga kwenye leso, kimo kabatini. Leo nimekifungua nikakipapasa pande zote. Hakina namba. Kwa hiyo chapa 19 haipo duniani.

Wanaweza kuchonga nyingine. Chuma ni chuma.

Lakini Anselmo alipoteza kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwenye mashine mwaka 1969. Tangu hapo chapa humteleza kidogo kabla nyundo haijatua. 19 yake huinama kulia, kama mtu anayetembea upepo ukimsukuma ubavuni, na tisa huzama zaidi kuliko moja. Za jana zote themanini zimeinama kulia. Tisa imezama.

Sijamwambia Mama.

Alhamisi, 9 Juni

140. Zote zimeinama.

Kupima mtungi kuna kelele: pampu, maji, nyundo. Leo nilisimama pale reli inapoingia chini ya mlango wa chuma wa Banda la Sita, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Hakuna sauti. Hakuna moshi. Behewa liliingia limejaa, mlango ukashuka. Dakika arobaini baadaye likatoka limejaa. Hata njiwa, ambao wametapakaa mapaa yote ya Kiwanda, pale hawatui.

Kuruta wa mlangoni akaniambia kwa adabu sana, "Kamba imeshafungwa, mama."

Jumapili, 12 Juni

Mama amejua.

Jirani yetu Bi Tránsito Ledesma alipata mtungi wake jana. Mama alikwenda kumsaidia kuwasha, maana wanawake wengi hapa wanaogopa gesi kuliko moto. Mama ni mjane wa mkaguzi na mama wa wakaguzi wawili. Akiushika mtungi, kidole gumba kinakwenda shingoni chenyewe.

Alirudi, akaketi bila kuvua shali. Chai ya mate ilipoa kibuyuni mbele yake, hata mrija hakuugusa.

"Mwanangu hajaenda Brazili," akasema.

Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye.

"Wewe umejua lini?"

"Jumanne."

"Siku tano. Siku tano unanipakulia supu, unaniuliza kama chumvi imetosha."

Baadaye aliinuka akatoa koti la Anselmo msumarini, akalipiga vumbi mlangoni, akalirudisha.

Jumatano, 15 Juni

150. Zimeinama.

Ponciano ameona jinsi ninavyopitisha kidole shingoni mwa kila mtungi. Yeye alifanya kazi na Anselmo miaka kumi na moja. Alingoja mashine ziwake ndipo akanisogelea. Anasema nisijenge nyumba juu ya moshi. Mkono unaweza kuigwa. Yeye mwenyewe huiga saini ya mke wake, na ya mama mkwe pia, na mama mkwe alishakufa. Nikamuuliza nani atataka kuiga mkono wa mtu asiye na kidole, na kwa faida gani. Akarudi kwenye moto wake.

Swali langu limebaki nami mwenyewe, lakini. Kwa faida gani?

Jumatatu, 20 Juni

Sikukuu ya Bendera. Hakuna kazi. Gwaride asubuhi, chokoleti ya moto kwa watoto wa shule, bendi ikapiga hadi midomo ikawapasuka kwa baridi.

Mama sasa anapita nyumba kwa nyumba. Anasema anakwenda kuwafundisha watu kuwasha jiko. Hakuna anayemuuliza kwa nini amerudi kwao mara ya tatu. Nimefuatana naye leo na nimeona jambo ambalo sitalisahau: katika kila jiko tuliloingia, mtungi ulikuwa umefutwa vumbi shingoni na kugeuzwa, chapa ikatazama mlango. Nyumba sita. Hakuna aliyesema neno. Mama anapitisha kidole gumba, anaketi, anazungumza bei ya vitunguu.

Bi Tránsito ndiye pekee aliyethubutu. Alimwambia, "Eduviges, siku hizi unasalimia mitungi kwanza, sisi binadamu tunafuata." Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Novemba, na nywele zilinisimama.

Mji umetulia. Naliandika kwa sababu nimeliona. Wale kina mama waliokuwa wakisimama langoni kila Alhamisi kuulizia watu wao, hawaji tena. Nao wanapita majikoni; mmoja akiwa hai, huenda na wao wa kwao wako hai.

Jumatano, 22 Juni

Nimefanya kitu. Nakiandika kama nilivyokifanya.

Mtungi ukikataliwa, sheria ya Kiwanda ni alama ya msalaba kwa chaki. Baba hakuiamini chaki. Alisema mwenye haraka ana kitambaa cha kuifuta. Kwa hiyo aliugonga mtungi mbovu chini ya kitako, ndani ya pete, mahali ambapo bunduki ya kupulizia rangi haifiki: namba yake, mara tatu. Alitufundisha Anselmo na mimi, na zaidi yetu hakuna anayejua. Hata Ponciano hajui.

Leo asubuhi nimeupima mtungi wenye tundu la sindano kwenye mshono. Kwa sekunde ishirini hautoi kitu. Kwa dakika mbili unatoa mapovu, moja moja, polepole. Sikuurudisha. Nimeutia mkwaruzo wa alama kwenye vali, nikauweka kwenye behewa la Banda la Sita, katikati ya mingine.

Anayeiga mkono hapimi kitu. Atagonga shingoni, basi. Anselmo atajua. Na Anselmo hawezi kuuachia mtungi mbovu hata ukimwekea bastola kichwani.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho bila kufikiri. Nimeisoma tena. Naiacha.

Alhamisi, 23 Juni

Umerudi. Alama yangu ipo kwenye vali. Shingoni 19, imeinama, umepakwa rangi, umepitishwa. Basi ni mwigaji tu.

Kisha nikaugeuza.

19. 19. 19. Chini ya kitako, ndani ya pete. Zimeinama kulia zote tatu. Tisa zimezama.

Yu hai! Yuko mita mia mbili kutoka tangi langu. Wanamlazimisha agonge shingoni, naye anasema hapana kwa chini. Ananipigia hodi — anajua ni mimi, maana nani mwingine angegeuza mtungi?

Nimemwambia Mama tulipokuwa tukimenya viazi. Akauliza, "Alizigonga kwa nguvu?" Nikasema kwa nguvu. Akasema basi wanamlisha, akaendelea kumenya.

Ijumaa, 24 Juni

Mtungi ule nimeutoa kwenye mzigo. Sikuweza kuuacha uende kwenye jiko la mtu. Nimejaza fomu ya kukataa, nakala tatu, nimeupeleka chumba cha vyuma vibovu. 150 nyingine, zimeinama. Mitungi mitatu ina alama chini. Nimeitoa nayo, fomu tatu. Anafanya kazi yake na mimi nafanya yangu, kama zamani, yeye tangi lile na mimi tangi hili. Nilikuwa nikiimba njiani kurudi nyumbani.

Jumatatu, 27 Juni

Mitungi 160 kutoka Banda la Sita. Chapa 19.

Zimesimama wima.

Nimezipitia zote kwa kidole, kisha kwa tochi. Wima kama askari. Tisa na moja kina kimoja. Nimegeuza arobaini: chini ya kitako hakuna kitu.

Jumanne, 28 Juni

Wima. 160.

Kapteni Arregui amekuja hadi kwenye tangi langu. Alikuwa na fomu zangu nne za Ijumaa. Ana mikono safi mno, ananukia sabuni ya waridi. Alisema hajaona mkaguzi makini kama mimi, kwamba baba yangu angejivuna. Kisha akaweka kidole kwenye kisanduku cha saba, *Sababu ya kukataa*, akanisomea maandishi yangu mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa barua: *Imekataliwa na mkaguzi 19. Tazama alama chini ya kitako.*

"Ungeandika tu kwamba unavuja, Mkaguzi Oyola," akasema, "mimi ningejuaje?"

Akakunja fomu, akaniaga, akaniambia nijifunike, baridi imezidi.

Miaka kumi na minne najaza fomu ile. Kisanduku cha saba hakiachwi wazi, na hakiandikwi uongo. Ndivyo nilivyofundishwa. Mkono uliandika wenyewe. Mara nne.

Alhamisi, 30 Juni

Wima.

Ijumaa, 1 Julai

Wima. Ponciano ameona uso wangu, akaja na chai ya mate ya moto, akashika kibuyu nikinywa kama anavyoshikiwa mtoto. Nimemwambia yote. Hakuleta mzaha. Alisema labda wamempumzisha. Labda mkono umemuuma. Alitafuta labda nyingine, hakuipata.

Jumamosi, 2 Julai

Nilimwomba Mama asitoke, upepo ni mkali. Akatoka.

Watu wa mtaa wa reli wamepata mitungi mipya jana. Alirudi kabla mkate haujaisha kuiva. Hakulia. Aliketi na koti la Anselmo magotini akiwa amelishika mabegani, kama kuna mtu ndani.

"Imesimama," akasema.

"Nimeona, Mama."

"Labda amepona."

Nikamtazama.

"Kidole hakioti, Nélida. Najua. Nimesema tu nisikie inavyosikika."

Sijamwambia habari ya kisanduku cha saba. Nimejaribu mara mbili leo. Ananiuliza kama nina homa.

Jumatatu, 4 Julai

Hakuna mzigo kutoka Banda la Sita. Mlango wa chuma uko wazi! Wazi kabisa, mchana kweupe, na kuruta hayupo. Nilifuata reli nikaingia. Hakuna aliyenizuia.

Sakafu imeoshwa, bado ina unyevu. Tangi moja la kupimia, kavu. Benchi moja. Nyundo moja, na kishikio cha chapa kisicho na chapa, kimefungwa kitambaa pale ambapo kidole kisichokuwepo kingeshika. Niligusa kitambaa. Kilikuwa baridi kama kila kitu. Banda lile lina urefu wa mita sitini, na vyote hivyo viko kwenye kona moja, kama vyombo vya mtu anayeishi peke yake.

Nilihesabu hatua nikitoka. Mia mbili na kumi na nne hadi tangi langu. Wakati wote ule.

Jumatano, 6 Julai

Barua kutoka ofisini, imeletwa nyumbani na dereva mwenye saluti. Bi Eduviges Oyola, mjane wa mkaguzi wa kwanza wa Kiwanda, ndiye aliyechaguliwa kupokea mtungi wa elfu ishirini kutoka mkononi mwa Jenerali, Jumamosi, uwanjani, mbele ya bendi na wapiga picha.

Nilidhani angeichana. Ameisoma mara mbili, akaniambia nimtafutie gauni jeusi la kola. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema atakwenda kuushika ule mtungi. Ikiwa imeinama, mwanawe yu hai, na atamshukuru Jenerali kama mtu aliyelelewa vizuri. Ikiwa imesimama, atamuuliza yuko wapi. Pale pale. Kwa sauti. Bendi ikitaka ipige.

Anajua linalompata mtu anayeuliza pale. Sote tunajua. Ameanza kupiga pasi kola.

Alhamisi, 7 Julai

Naandika haya kazini, saa ya chakula, kwenye benchi. Sijawahi kulileta daftari hapa.

Asubuhi Kapteni alikuja na kisanduku kidogo cha mbao. Ndani kuna chapa mpya, bado ina mafuta. 19. Akaniambia imebaki mitungi 640, vyeti vyote vimeshachapwa kwa namba hiyo, na mkaguzi wa Banda la Sita hayupo tena. Alisema hivyo tu: hayupo tena. Mimi nitapima kwa dakika mbili kama nipendavyo, hana neno, ila chapa iwe hii.

Nilidhani amemaliza. Alibaki akiutazama mtungi.

"Yule mwingine wa wiki iliyopita alikuwa na mkono mzuri," akasema, "lakini watu hawakuupenda. Wameanza tena kuja langoni. Ule wa kwanza walikuwa wameuzoea, mji ulitulia. Wewe unaujua ulivyokuwa. Ni mkono wa nyumbani kwenu."

Akaniambia nianze na ule wa Jumamosi.

Kwa hiyo jibu la swali nililomuuliza Ponciano ndilo hili. Kwa faida hii.

Upo mbele yangu. Nimeupima. Dakika mbili, kisha mbili nyingine. Hauvuji, ni mtungi mzuri kuliko yote niliyoshika mwaka huu. Rangi ataupaka mtu mwingine saa nane. Ponciano amekaa na mkate wake bila kuula, ananitazama, hasemi la kufanya wala la kutofanya.

Nikiinamisha, Mama atapitisha kidole gumba shingoni, atamshukuru Jenerali, atarudi nyumbani na mtungi, na koti litabaki msumarini likimngoja mtu. Mwaka mzima. Miaka. Kila nyumba ya mkoa huu itakuwa na mtu anayengoja. Nikisimamisha, atauliza.

Nimeishika chapa nione tu. Nimekikunja kidole cha shahada ndani ya kiganja, nimeishika kwa vinavyobaki. Inateleza yenyewe. Kulia. Sikuhitaji hata kujifunza.

Dakika tisa hadi king'ora. Nyundo iko kando ya daftari, na kidole bado nimekikunja.